Mlio wa Kufika Benchi la Tatu

Simu ilimkuta Koleta nyuma ya nyumba yake kule Marambo, akigeuza korosho juani. Mpigaji alikuwa Abdulatifu, fundi aliyefanya kazi pamoja na kaka yake Protasi kwenye karakana moja mjini Ruangwa. Salamu zilikuwa fupi kuliko kawaida yake. Kisha akauliza, "Dada Koleta, hapo uko na nani?"

Koleta akaacha kugeuza korosho. Huku kwao mtu haambiwi msiba akiwa peke yake. Anayepiga simu hutafuta kwanza mtu wa kukaa karibu na mfiwa, ndipo aseme. Kwa hiyo swali lenyewe ndiyo habari, na kila aliyekulia Nachingwea au Ruangwa analijua.

"Niko peke yangu. Niambie tu."

"Shemeji hayupo?"

"Yuko shambani. Abdu, ni Protasi?"

"Mwite shemeji kwanza, dada yangu. Nakata, nitapiga tena."

Hakukata. Akasema tu kwa sauti ya chini, "Innalillahi." Koleta akafanya ishara ya msalaba kwa mkono uliokuwa umeshika korosho.

Mumewe aliporudi alimkuta amekwisha kukusanya korosho zote na kuzifunga kwenye gunia, kwa sababu wingu lilikuwa linakuja na yeye hakujua afanye nini kingine. Habari kamili ilikuwa fupi. Asubuhi Protasi aliinamia mashine ya kupulizia mikorosho, akasema kichwa kizito, akakaa kwenye kigoda. Walimpakia kwenye bajaji kumpeleka hospitali, naye akafariki njiani.

Kilichomuumiza Koleta zaidi siku ile ni kwamba kaka yake hakupata mpako wa wagonjwa kutoka kwa padre kabla ya kukata roho. Alimpigia padre wa Mnero, kwao walikozaliwa, akamweleza hivyo. Padre akamjibu, "Jumapili nimemkomunisha kwa mkono wangu huu. Mwachie Mungu, Koleta." Akamwachia. Maziko yakapangwa kesho yake, Mnero, ili mama yao asisafirishwe.

Protasi alikuwa fundi wa mashine, na wakulima wa Nkowe mpaka Mnero walimjua kwa hilo. Msimu wa kupulizia ulipoanza, mashine zilipangwa mlangoni pake kama wagonjwa, naye aliziwasha moja moja na kuinamisha kichwa. Alikuwa anasikiliza. Mteja akianza kueleza tatizo alimwonyesha kiganja, maana yake nyamaza kwanza mashine iseme. Mkewe alikuwa ametangulia mbele za haki na hawakujaliwa watoto. Alipanga chumba nyuma ya karakana, na kila Jumamosi jioni alipanda pikipiki kwenda Mnero kulala kwa mama yake, Teodosia, ili Jumapili apige gitaa kwenye kwaya.

Gitaa hilo lilikuwa gitaa kavu, lenye tumbo la mbao na tundu moja katikati, lisilo na waya wala umeme. Mama yao ndiye aliyelinunua, kwa ufuta wake, kutoka kwa mtumishi mmoja wa serikali aliyekuwa anahama Nachingwea, wakati Protasi bado anasoma sekondari. Alijifundisha mwenyewe, ndiyo maana alikuwa na upigaji usiofanana na wa mtu mwingine. Vidole vilicheza kwenye nyuzi, na katikati ya nyuzi kisigino cha kiganja kiligonga tumbo la gitaa, kama mtu anayepiga ngoma ndogo. Ukiondoa kule kugonga, ilibaki nusu tu ya Protasi.

Kwa miaka mingi hapakuwa na shida. Kisha parokia ikajenga kanisa kubwa zaidi, ikapata kinanda cha umeme na spika mbili ndefu, na gitaa likamezwa. Mwalimu wa kwaya, Leonard, ambaye alikuwa rika la Protasi na aliwahi kuazima gitaa hilo hilo ujanani, hakumwonea haya.

"Protasi, unalipiga au unalipapasa? Nakuona tu mikono inatembea."

"Punguza kinanda chako basi."

"Kinanda kimenunuliwa kwa harambee. Nikipunguza nitaulizwa na waliochanga."

Protasi angeweza kuvumilia maneno ya Leonard. Asiloweza kuvumilia ni swali la mama yake. Sikio la Mama Teodosia lilikuwa limeanza kuwa zito. Alikaa benchi la tatu upande wa akina mama, jirani kabisa na kwaya, na kila Jumapili baada ya misa alimngojea mwanawe mlangoni na kumuuliza, "Leo hukupiga?" Aliuliza bila lawama, kama mtu anayeuliza kama mvua imenyesha upande ule. Protasi alijibu, "Nilipiga, mama." Mama akasema, "Haya." Jumapili iliyofuata akauliza tena.

Basi Protasi akaanza kutafuta namna ya kulipatia gitaa lake sauti. Miaka mitatu alitafuta, na Koleta alipata kusikia habari za kila jaribio, kwa simu au kwa kuona.

Alianza na maiki. Leonard aliisimamisha mbele ya tundu la gitaa, nayo ikanasa gitaa, ikanasa soprano, ikanasa kikohozi cha mzee mmoja wa besi, kisha spika zikapiga mluzi hata watoto wakaziba masikio. Leonard akaizima kabla wimbo wa Bwana utuhurumie haujaisha.

Jaribio la pili lilitoka karakanani. Ndani ya saa ya mezani, ile ya kuamshia watu, mna kisahani chembamba cha shaba kinacholia tii, tii, tii. Abdulatifu alikuwa amesikia kwa mafundi wa redio kwamba kisahani hicho ukikiunga na waya na kukibandika kwenye mbao, kinageuza kazi, kinasikia badala ya kulia. Protasi akafungua saa iliyokufa, akakitoa, akakibandika ndani ya tumbo la gitaa. Alikibandika kwa utomvu wa mkorosho. Hakuna mtoto wa shule za huku ambaye hajawahi kubandika daftari kwa utomvu huo. Unapokauka unakuwa mgumu kama jiwe, na mkorosho uko nje ya mlango, haununuliwi. Alikijaribu Ruangwa, kikashika vizuri kabisa.

Lakini alikijaribu kiangazi. Jumapili aliyokipeleka kanisani ilikuwa ya mwezi wa kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, kanisa limejaa, nguo za watu zinafuka mvuke. Wakati wa wimbo wa Utukufu utomvu ukalainika. Kisahani kikabanduka na kudondoka ndani ya tumbo la gitaa, na spika zikatoa mshindo ambao Mnero haijapata kuusikia. Padre aligeuka altareni. Mzee mmoja akatoka nje kutazama kama transfoma imelipuka. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

"Umeleta bomu kanisani?" Leonard akanong'ona, na kwa kuwa maiki yake ilikuwa wazi, kanisa zima likasikia.

Baada ya misa, mlangoni, Mama Teodosia alikuwa anatabasamu. Akamshika mwanawe mkono mbele ya watu. "Leo nimekusikia, mwanangu. Ulikuwa unagonga, unagonga, halafu ukaangusha kitu."

Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Maneno yale yalikaa Mnero mwaka mzima. Protasi akipita na gitaa mgongoni, mtu anapaza sauti kutoka barazani, "Fundi! Leo unaangusha nini?" Naye alicheka nao. Lakini kisahani alikitumbukiza kwenye kopo la nati, wala hakukizungumza tena.

Jaribio la tatu aliliagiza Dar es Salaam, likaja kwa basi. Ilikuwa sumaku ndefu kama kidole, ya kubana kwenye tundu la gitaa, na yenyewe inanasa nyuzi za chuma tu. Gitaa likasikika mpaka nje, likang'aa. Leonard mwenyewe akasema, "Sasa umekuwa mtu." Jioni Protasi akampigia Koleta.

"Vipi, kaka? Nasikia leo umekizidi kinanda."

"Linasikika, ila si langu. Nikigonga, sumaku haina habari na mimi. Inasikia chuma peke yake."

"Na mama?"

"Ameniuliza kama sikupiga."

Likabaki jaribio la mwisho. Kulikuwa na kijiti cha kulaza chini ya kile kibao cha gitaa kinachobeba nyuzi, ambacho mafundi wa bendi wanakisifu kwamba kinanasa kila kitu. Shida yake ni moja. Ili soketi yake ya waya ikae, lazima gitaa litobolewe kwenye kitako chake, tundu la kupitisha kidole. Protasi alimweleza mama yake kwa ishara nyingi na sauti kubwa, Koleta akiwapo. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, nusu kwa Kimwera nusu kwa Kiswahili, "Nililinunua lina tundu moja. Linamtosha Mungu. Ukiongeza la pili, upigie huko huko Ruangwa."

Mbishano haukuendelea. Protasi alikinunua kijiti hata hivyo. Jumamosi ya mwisho ya maisha yake, Koleta alipokwenda Mnero kumsalimu mama, aliwakuta wote wawili, na kaka yake akamvuta pembeni.

"Nikitoboa, mama atanuna. Nisipotoboa, nitazeeka ananiuliza kama sikupiga."

"Kaka, chagua basi. Unachagua kama unatafuta mchumba."

"Mchumba nilichagua siku moja tu," Protasi akasema. "Hiki ni kigumu."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya maana waliyoambiana. Mengine yalikuwa ya kuagana.

Siku ya msiba, mchana ule ule, Koleta alifika Ruangwa na mumewe kuchukua suti ya marehemu, rozari yake na kitambulisho. Mumewe akaenda kushughulikia mwili. Abdulatifu akamfungulia Koleta mlango wa karakana, akajitenga kidogo, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Gitaa lilikuwa juu ya meza ya kazi, limevuliwa nyuzi. Pembeni yake kulikuwa na kijiti ndani ya kikaratasi chake na keke yenye msumari wa kutobolea uliokwisha kukazwa. Kwenye kitako cha gitaa palikuwa na alama ya penseli. Koleta aliinama kuitazama. Palikuwa pamefutwa na kuchorwa upya mara nyingi, hata rangi ya mbao imepauka mahali pale.

"Lini alikuwa anatoboa?" akauliza.

"Kila siku alikuwa anatoboa kesho," Abdulatifu akasema. Akafuta uso kwa kiwiko. "Dada, sema neno. Hii kwangu ni kazi ndogo. Nikitoboa sasa, kesho misani linasikika. Alikuwa anataka mama asikie. Kesho ndiyo siku yenyewe ya mwisho."

Koleta akakaa kwenye kigoda, bila kufikiri ni kigoda kipi. Jambo lilikuwa wazi mbele yake. Kesho kaka yake angeagwa kwa kinanda, na mama angekaa benchi la tatu bila kusikia chochote, au gitaa lake lingesikika. Na kama ni kusikika, ilikuwa juu yake kuchagua njia, kwa sababu mwenyewe hakuchagua. Alifikiri kumpigia mama simu, akakumbuka kwamba mama simu haisikii.

Alisali kidogo, rozari ya kaka yake ikiwa mkononi. Haikuwa sala ndefu. Katikati yake yakamjia maneno ya mama mlangoni mwa kanisa, siku ya kicheko.

"Abdu. Kile kisahani cha saa kiko wapi?"

"Kile kilichoanguka?" Abdulatifu akashtuka. "Dada, kesho ni maziko. Siyo siku ya kuchekwa."

"Kilichoanguka ni gundi. Kisahani hakikuwa na kosa. Mama alisema nini siku ile?"

"Alisema ameangusha kitu. Mpaka Ruangwa ilifika."

"Alianza kusema, 'Ulikuwa unagonga, unagonga.' Ndipo akaja kwenye kuangusha. Watu walicheka mwisho wa maneno, na yeye Protasi akawa amekwisha kuona haya, hakusikia mwanzo wake. Mama alisikia kugonga, Abdu. Kabla hakijaanguka, alikuwa anasikia."

Abdulatifu aligonga meza kwa kisigino cha kiganja na kuinamisha kichwa, mtu aliyesikiliza mashine pamoja na Protasi miaka yote ile. "Sauti ya nyuzi ni nyembamba kwake," akasema polepole. "Mshindo wa chini unamfikia. Loo, Protasi." Kisha akamwaga kopo la nati juu ya meza na kuanza kutafuta kwa kidole.

Kisahani kilikuwepo, kina utomvu mkavu mgongoni. Abdulatifu aliukwangua. Alichukua sulusheni, ile gundi ya kuzibia pancha, akakibandika ndani ya tumbo la gitaa mahali ambapo kiganja cha Protasi kilikuwa kimechubua rangi kwa nje, akafunika kwa kiraka cha tyubu kama anavyoziba gurudumu la bodaboda. "Hii mvua haiiwezi," akasema. Waya ukatokea kwenye tundu lile lile moja, ukafungwa kwa uzi kwenye mkanda, na nyuzi zikarudishwa. Walipounga kwenye spika ya redio ya karakana, Abdulatifu aligonga tumbo la gitaa mara moja. Mlio ulitoka mnene, wa chini. Hakugonga tena. Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza, akanawa mikono na kwenda kusali.

Leonard walimkuta Mnero msibani, anapanga nyimbo. Koleta alimwita kando.

"Mwalimu, kesho naomba utupigie gitaa la Protasi. Wimbo mmoja, baada ya komunyo."

"Mimi? Na kinanda?"

"Kinanda kipumzike wimbo mmoja."

Leonard alitazama waya uliofungwa kwenye mkanda. "Kidude ni kile kile?"

"Ni kile kile."

"Kikianguka je?"

"Kikianguka, mama atasikia hivyo hivyo."

Leonard alicheka, kisha akageuka upande wa migomba na kukaa huko kwa muda. Aliporudi alichukua gitaa na kwenda nalo nyumbani.

Misa ya maziko ilianza mchana. Watu walikuwa wengi, wa Mnero, wa Nkowe, wakulima waliokuja kwa baiskeli na pikipiki, na Waislamu wa karakana na wa sokoni waliokaa nje ya milango chini ya turubai. Jeneza lilikuwa mbele ya altare. Mama Teodosia alikaa benchi lake la tatu, hakukubali kuhamishwa la kwanza, na Koleta akakaa ubavuni mwake. Mahubiri yalikuwa mafupi. Padre alisema kwamba Protasi alikuwa msikilizaji, na kwamba kusikiliza nako ni kusali.

Baada ya komunyo kinanda kilinyamaza. Leonard akakaa nyuma ya mstari wa spika ili zisipige mluzi, akaanza. Nyuzi zilisikika kwa mbali, nyembamba. Kisha akagonga. Mgongo wa Mama Teodosia ukanyooka. Aligeuza kichwa upande wa kwaya, na kwa sauti kubwa, kama wanavyosema wasiojisikia wenyewe, akauliza:

"Nani huyo anagonga kama anabisha hodi? Protasi hagongi hivyo."

Kicheko kilipita kanisani na kilio kikakifuata nyuma. Leonard aliinamisha kichwa, lakini hakuacha. Mama akanyoosha mkono, akaanza kupiga ubao wa benchi la mbele kwa kisigino cha kiganja, polepole, jinsi inavyotakiwa: mara moja, nafasi, mara mbili za haraka. Leonard akautazama mkono ule na kuufuata. Ubeti wa pili walikuwa pamoja. Ubeti wa tatu mama aliuondoa mkono wake, akaulaza mapajani, akasikiliza mpaka mwisho. Kisahani hakikuanguka.

Kutoka kanisani watu walikwenda kwa miguu mpaka makaburini. Jeneza lilibebwa kwa zamu, Abdulatifu akiwa miongoni mwa wabebaji. Kule hakuna umeme. Leonard alikuja na gitaa begani, waya umeviringishwa, lakini hakulipiga. Kwaya iliimba kwa midomo mitupu. Padre alibariki kaburi, akanyunyiza maji ya baraka na kufukiza ubani. Jeneza likashushwa kwa kamba. Mama Teodosia alitangulia kutupa udongo, akafuata Koleta, kisha mumewe, Abdulatifu, Leonard na wengine. Vijana wakashika makoleo. Msalaba wa mbao ukasimikwa, na juu yake mashada yakawekwa. Katekista akaongoza sala za mwisho, akatangaza misa ya shukrani, akawashukuru watu kwa niaba ya familia. Watu wakanawa mikono na kurudi nyumbani kula.